Bao Lililoingia kwa Mwendo wa Kutembea

Jumapili, katikati ya kiangazi. Wilaya ya Ngara.

Asubuhi ya leo ukungu ulikaa bondeni hadi karibu saa nne, na baridi ilikuwa ya kukufanya uishike kalamu kama mtu anayeshika kijiti cha kuota moto. Sasa ni alasiri, jua linachoma, nami nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni nikiandika haya kwa mkono. Nikifika mjini penye mtandao nitayaweka hapa, kwenye blogu yangu, kama yalivyo. Sina furaha wala huzuni. Nina jambo ninalotaka kuliandika kabla halijaanza kubadilika kichwani.

Jambo lenyewe ni bao moja la mpira wa miguu.

Nilikuja huku kuandika habari ya kuni. Kijiji hiki, ambacho sitakitaja, kinapakana na kambi ya wakimbizi, na msitu ulio katikati umebaki visiki. Kumekuwa na maneno, kisha mawe, kisha mtu mmoja kukatwa mkono na shoka. Wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana ichezwe mechi, watu wapate pa kukutana bila kushika kitu mkononi. Ikachezwa jana. Kambi ilipata bao moja, kijiji hakikupata kitu.

Kipa wa kijiji nitamwita Sevelini. Ni Mrundi. Alivuka mpaka na wenzake wakati wa vurugu, akakaa kambini, kisha akamwoa Konsolata, binti wa kijiji hiki, akahamia kwenye shamba la baba mkwe wake, na tangu hapo anapalilia kahawa na kukata migomba kama mkwe mwingine yeyote. Kwa sheria anatakiwa awe kambini. Mwenyekiti wa kijiji anajua, kila mtu anajua, na kila mtu amenyamaza. Watoto wake wanasoma shule ya hapa.

Jana alisimama golini kuwazuia watu aliowahi kupanga nao foleni ya maji.

Lazima nieleze uwanja kwanza. Uko ubavuni mwa kilima, kwa sababu tambarare zote zimelimwa. Ukiuweka mpira katikati, hautulii. Unaanza kuteremka wenyewe. Kwa hiyo hapa wana desturi ambayo sijaiona kwingine: kabla ya kuanza, mwamuzi huokota bonge la udongo na kulitia chini ya mpira, kama mtu anayetia jiwe kwenye gurudumu la lori. Mpira ukipita goli la chini unaingia kwenye kahawa, na usipozuiwa huko unafika mtoni. Anayeshinda sarafu huchagua kupanda kwanza, ili kipindi cha pili, miguu ikichoka, mlima umsaidie. Jana wageni walishinda sarafu. Kipindi cha pili goli la chini likawa la Sevelini.

Wakati wa mapumziko nilikaa karibu na Mzee Petro, mtunza mpira wa timu. Ujanani alikuwa mtengenezaji wa ngoma na vitu vya ngozi, na mpira ule mpya, uliotolewa na wafadhili kwa ajili ya mechi, alikuwa ameupakata kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Aliupangusa vumbi lote kwa shati lake. Kisha akatoa kibuyu kidogo, akamimina kitu kiganjani, akaupaka mpira kuanzia juu hadi chini, mpaka ukang'aa. Nilikiona kitendo hicho na sikukifikiria. Nilikuwa nikiwaza kuni.

Kipindi cha pili kilianza, na shuti la kwanza kabisa likatoka mbali kwa mchezaji wa kambi. Halikuwa shuti la kutisha. Sevelini alilisogelea, akapiga hatua mbele, akalipokea kifuani kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kama anavyofundishwa mtu. Mpira ukapenya katikati ya mikono yake ukadondoka nyuma ya kisigino.

Hapo ndipo watu walipoona walichokiona. Mpira ulianza kwenda golini kwa mwendo wa kutembea. Kila mtu alikuwa na muda wa kuutazama. Sevelini naye alionekana kuendelea kwenda mbele, kwa wageni, huku mpira ukienda nyuma. Alipogeuka na kujirusha, mpira ulikuwa umeshavuka mstari.

Baada ya hapo alidaka kila kitu. Mipira ya juu, ya chini, mmoja aliupangua kwa ncha za vidole. Hilo halikumsaidia. Lilimharibia zaidi, kwa sababu mtu anayedaka yote akaachia mmoja tu, tena wa kutembea, anakuwa na la kueleza.

Jioni nilipita kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi. Beki wa timu, Domisiani, kijana mwenye mabega mapana na sauti ya kuwazidi watu wote waliokuwamo, ndiye aliyekuwa akizungumza.

"Mpira wa kutembea, jamani! Hata bibi yangu angeuzuia kwa kitenge!"

"Bibi yako angeukalia," mwingine akasema, watu wakacheka.

"Ninyi chekeni. Yule amewapa wa kwao. Mtu hasahau sahani aliyolia." Domisiani aliweka kikombe chini. "Kesho baada ya misa mwenyekiti aseme. Kama ni wa kule, arudi kule."

Hakuna aliyembishia. Wawili watatu walitikisa kichwa kukubali, na nilijua kwamba neno limeshaanza kuteremka.

Mimi ni mtu wa Nemba, Biharamulo. Kwetu tulicheza mpira wa majani makavu ya mgomba uliosokotwa kwa kamba. Mpira ule una adabu: ukiuangusha unakaa pale ulipoangukia, kwa sababu una mikwaruzo mwili mzima na ardhi inaushika. Baadaye shuleni nilicheza netiboli, nikawa mlinzi wa goli, na jambo la kwanza tulilofanya kabla ya mechi lilikuwa kusugua viganja kwenye vumbi. Hatukuwa na jina la jambo hilo. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyetupa jina: msuguano. Mtu haushiki mpira kwa nguvu za mikono peke yake. Anaushika kwa sababu ngozi ya kiganja na ngozi ya mpira zinakataa kuteleza moja juu ya nyingine. Ukiondoa ukaidi huo, kadiri unavyobana ndivyo mpira unavyokuponyoka, kama sabuni bafuni.

Nikiwa nimelala nikakumbuka kibuyu.

Basi nikaupanga mkasa upya. Mafuta yaliondoa msuguano, mpira ukapenya. Mteremko ukauchukua, maana uvutano wa ardhi hauhitaji kusukumwa na mtu. Unangoja tu kitu kiachiliwe. Na mpira wa duara ukishaanza kubingirika, nyasi kavu za kiangazi hazina cha kuuzuia. La tatu ndilo lililomponza Sevelini kuliko yote. Mwalimu aliliita inesha: kilicholala hutaka kulala, kinachokwenda hutaka kwenda. Mwili wa Sevelini ulikuwa ukienda mbele kuupokea mpira. Hauwezi kugeuka papo hapo kwa sababu moyo umetaka. Watu waliona mtu anayekimbilia wageni. Mimi nadhani niliona mtu mzito aliyekuwa bado hajasimama.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na kanuni yangu ni moja: naandika ninachokiona, sisimami mikutanoni. Lakini hiki nilikuwa nimekiona.

Leo kabla ya misa nilikwenda kwa Mzee Petro. Alikuwa anaota moto, mpira umening'inizwa darini juu ya jiko, ndani ya wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto. Umekuja kuandika nini, majivu?"

Nikamuuliza kuhusu kibuyu. Hakuficha chochote.

"Samli," alisema. "Samli safi ya ng'ombe wa mkwe wangu. Ngozi isiyopakwa mafuta hupasuka. Ngoma, mshipi, ala ya kisu, vyote ni hivyo hivyo."

"Lakini mpira huu si ngozi, mzee."

Alinitazama kama nimesema yai si la kuku. "Mpira ni ng'ombe, mwanangu. Tangu niko mdogo mpira ni ng'ombe."

Niliuomba. Niliukwaruza kwa ukucha, nikaunusa. Haukuwa na harufu ya mnyama yeyote, ilikuwa harufu ya viatu vipya vya dukani. Ngozi hunywa mafuta yakaisha. Hii haikuwa imeyanywa. Samli ilikuwa imekaa juu juu, na jana iliendelea kukaa hapo mpaka vumbi la uwanja lilipoipangusa. Nilimweleza hivyo. Akausogeza ukuni mmoja ndani.

"Kwa hiyo aliyemfungisha yule mkwe wa watu ni mimi."

"Sijui, mzee. Nadhani."

"Usidhani. Twende tukaone."

Niseme ukweli kuhusu wasiwasi wangu. Sikuogopa kumtetea Sevelini. Niliogopa kumhamishia mzee yule mzigo, kwa sababu neno likishaanza kuteremka halirudi juu. Linatafuta mtu mwingine wa kumgonga.

Mkutano ulikuwa uwanjani, kwenye ukungu. Mwenyekiti alivaa koti la sufu na kofia, akaketi kwenye kiti pekee kilicholetwa. Sevelini alisimama karibu na goli la chini, mikono mfukoni. Konsolata alikuwa amesimama kando yake, mtoto mgongoni, na hakusogea hapo mpaka mwisho.

Domisiani alisema yale ya jana, kwa heshima zaidi. Sevelini alipoulizwa, alijibu kwa sauti ya chini: "Uliponyoka. Nimewaambia tangu jana. Uliponyoka."

"Ukaponyokea kwenu," mtu akasema nyuma.

Mzee Petro akainua mkono, akaeleza mwenyewe habari ya samli. Minong'ono ikapita. Mwenyekiti akasema maneno hayatoshi, upakwe tena watu waone. Mzee akatoa kibuyu, lakini samli ilikuwa imeganda kwa baridi. Akaichokonoa kwa kijiti, akaibandika mabonge mabonge. Domisiani akaenda kusimama golini, mtu akapiga kutoka juu, Domisiani akaudaka. Akaudaka wa pili. Wa tatu akaudaka kwa mkono mmoja na kuuinua juu.

"Mama mwandishi!" aliniita. "Shahidi wako huyu hapa, amenata kama ubwabwa!"

Walicheka sana. Konsolata hakucheka. Aliniangalia mara moja tu, na sipendi kukumbuka alivyoniangalia.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba jana ilikuwa saa tisa, juani, na samli ilimiminwa kama maji. Leo ni saa tatu, kwenye ukungu, na samli ni jiwe. Hilo si jaribio la jambo lile lile. Niliomba tungoje jua.

"Tuanikwe kama mihogo?" mwenyekiti aliuliza.

"Mihogo haina haraka, mwenyekiti."

Akafikiri. Nadhani kilichomfanya akubali ni kwamba naye alikuwa anahisi baridi na hakutaka kufanya jambo kubwa akiwa anatetemeka. "Tungoje," akasema.

Sijawahi kuona mkutano wa namna hiyo. Kijiji kizima kikaketi kwenye nyasi kungoja ukungu uondoke, na mpira umewekwa juu ya jiwe, bonge la udongo chini yake.  Kisha mtu akaleta karanga. Kisha wakaanza kubishana habari ya magoli mengine ya zamani katika uwanja huu: ng'ombe aliyeingia uwanjani akaupiga mpira kwa kwato, mwamuzi aliyelala, mpira uliofika mtoni na kurudishwa na mwanamke aliyekuwa akifua, akidai sabuni. Domisiani mwenyewe alisimulia siku aliyojifunga kwa kichwa.

"Na hatukukupeleka popote," Konsolata akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliyofungua mdomo.

Domisiani alitafuna karanga yake.

Karibu saa nne jua likapasua. Nyasi zilianza kutoa mvuke, makoti yakavuliwa. Tuliutazama mpira. Mabonge yale yalilainika, yakatandazika, yakawa mng'aro. Mzee Petro alikwenda kuugusa kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole na kukitazama muda mrefu.

"Tayari," alisema.

Domisiani akarudi golini. Shuti likatoka juu, si kali. Alipiga hatua mbele, akaupokea kifuani, akaukumbatia. Mpira ukapenya katikati ya mikono yake ukadondoka nyuma. Naye akaendelea mbele, na uso wake, nilikuwa karibu, uso wake ulishajua, ila miguu ilikuwa haijapata habari. Alipogeuka aliteleza akakaa chini. Mpira ukampita kwa mwendo wa kutembea, ukavuka mstari, ukaingia kwenye kahawa.

 Kisha sauti ya mwanamke mmoja mzee: "Mleteeni bibi yake kitenge!"

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika magoti. Domisiani akiwa bado amekaa aliinua mikono yake inayong'aa, akaitazama pande zote mbili. "Jamani, una pepo," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Mwenyekiti alisimama. Sikutegemea maneno marefu, na hakuyatoa. "Habari ya kipa imekwisha. Tuendelee na kuni."

Hapo Mzee Petro alivua kofia, akasogea katikati. Hakuwa akicheka. "Haijaisha," alisema. "Aliyefungisha ni mimi. Kama mtu alitakiwa kupelekwa kambini kwa bao lile, nipelekeni mimi."

Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

"Wewe tukupeleke wapi, Mzee?" Domisiani akamwambia kwa upendo kabisa. "Kwenu ni hapa!"

Nilimtazama Sevelini. Naye alicheka. Alichelewa kidogo tu kuliko wengine.

Kisha alishuka kwenye kahawa kuutafuta mpira. Ulikuwa umefika mbali, maana alikaa huko muda. Alirudi akipanda polepole, ameubana kifuani kwa mikono yote miwili, shati lake limelowa mafuta. Akamkabidhi Mzee Petro kwa kuinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Usiupake tena, baba," alisema.

"Sitaupaka," mzee akajibu. Akaugeuzageuza. "Nitaupaka kidogo tu, kwenye mishono."

Mkutano wa kuni uliendelea mpaka mchana na haukufikia mwisho. Nitauandika vizuri kwa ajili ya gazeti. Kuhusu mechi, mhariri amenitaka mstari mmoja: kambi moja, kijiji sifuri. Nitamtumia mstari huo. Ni wa kweli.

Nilipokuwa naondoka Konsolata alinifuata njiani. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia haina haja. Hakunishukuru. Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge upya, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Dada mwandishi, na siku akikosea bila samli?"

Tangu nirudi nimekaa hapa na swali hilo. Makosa ya watu wawili yalipimwa leo kwa kipimo kimoja, mpira mmoja, jua moja, mteremko mmoja. Mmoja alikuwa amesimama pale ambapo ukianguka unacheka na kuinuka. Mwingine amesimama pale ambapo ukianguka unaendelea kwenda chini. Fizikia yangu ya sekondari haikunifundisha kipimo cha tofauti hiyo, na taarifa ya mstari mmoja haina nafasi ya kuiweka.

Nilimwambia sijui.

Alitikisa kichwa, kama aliyekuwa anajua kwamba sitajua, akarudi kwake kupika.

Marudiano ni Jumamosi. Sevelini atasimama golini, Domisiani mbele yake. Wageni wakishinda sarafu, watachagua tena kupanda kwanza, na kipindi cha pili goli la chini litakuwa la Sevelini.